Mama anasafiri Mwanza hadi Houston kupitia Doha: ndegeni atapewa nini, na kipi tumnunulie?

Kapripoint_MZA

Wakuu, habari za kutwa.

Mama yangu ana miaka 68 na mwezi ujao anakwenda kwa dada, Houston. Safari yenyewe: Mwanza–Dar kwa ndege ya ndani, Dar–Doha usiku, anasubiri Doha kama saa tatu, kisha Doha–Houston ambayo ni zaidi ya saa 16 angani. Daraja la kawaida mwanzo hadi mwisho. Ndege anayoijua ni ile ya kwenda Dar tu. Ana presha, anameza dawa kila asubuhi, na miguu humvimba akikaa muda mrefu. Kiingereza hazungumzi.

Nimeuliza huku na huku nikapata majibu yanayopingana. Mmoja anasema kila kitu unapewa humo humo: blanketi, mto, soksi, hata mswaki. Mwingine anasema usipobeba chako utalala kwa baridi. Madukani nimeona mito ya shingo, soksi za kubana, vifuniko vya macho na vile vitambaa vya kuning'iniza miguu, na bei zake si za mchezo. Kipi cha lazima na kipi ni biashara ya watu? Kiti gani tumchagulie? Na akiwa juu akahitaji kitu, ataomba vipi? Naomba majibu ya wenye kujua.

JikoLaNyuma

Mkuu, kwanza uelewe kwamba vifaa vya kumstarehesha abiria havifuati tiketi. Vinafuata shirika linalorusha ndege, urefu wa safari na kama ni usiku au mchana. Tiketi ya bi mkubwa ina ndege tatu na kila moja ina utaratibu wake, ndiyo maana waliokujibu wanapingana na kila mmoja anaweza kuwa mkweli.

Mwanza–Dar ahesabu kinywaji na kitafunwa kidogo, basi. Blanketi halimo. Ikiwa ni ndege ya propela, Dash 8 au ATR, makabati ya juu ni madogo, na begi la magurudumu linaloingia vizuri kwenye ndege kubwa linaweza kuchukuliwa mlangoni na kuwekwa chini na mizigo. Kwa hiyo dawa, miwani na pasipoti visikae kwenye begi hilo. Viwe kwenye mkoba wa begani ambao haubanduki mwilini.

Dar–Doha ni kama saa sita. Kwa ndege ya usiku atakuta kitini, au ataletewa, blanketi jembamba, mto mdogo na hedifoni. Mto huo ni mwembamba, kazi yake nzuri ni kuujaza nyuma ya kiuno. Shingo hausaidii.

Doha–Houston ndiyo yenye mambo. Mashirika ya Ghuba na Turkish huwa yanagawa kimfuko kwenye safari ndefu hata daraja la kawaida: soksi nyepesi, kifuniko cha macho, vizibo vya masikio, mswaki na dawa ya meno ya kutumia mara moja au mbili. Yaliyomo hubadilika bila taarifa, na safari ikiwa ya mchana unaweza usikione kabisa. Mashirika mengi ya Ulaya na Marekani hayatoi kimfuko daraja la kawaida, ni blanketi na mto tu. Yale ya bei nafuu huuza karibu kila kitu, maji yakiwemo. Nguo za kulalia, godoro la kutandika juu ya kiti na vipodozi vya majina makubwa ni vya daraja la biashara na la kwanza. Picha nyingi zinazozunguka mitandaoni ni za huko.

Kimfuko ni chake, aondoke nacho. Blanketi, mto na hedifoni ni mali ya shirika. Hedifoni mara nyingi hukusanywa kabla ya kutua, filamu ikiwa imefika patamu.

Baridi: joto ndani ya ndege hupangwa kati ya nyuzi 22 na 24, lakini abiria ametulia hatikisiki kwa saa nyingi, na miguu iliyo karibu na ukuta wa dirisha au mlango hupoa zaidi. Blanketi za ziada zipo chache. Aombe mara tu anapokaa, kabla ndege haijaondoka. Ukiomba saa ya saba ya safari, watu wote wamejifunika, utaambiwa zimekwisha na itakuwa kweli. Kisha afunge mkanda juu ya blanketi. Taa ya mkanda ikiwaka usiku, mhudumu hupita na tochi akikagua. Mkanda ukiwa chini ya blanketi itabidi amwamshe.

Chakula: mlo wa kwanza huja kama saa moja hadi moja na nusu baada ya kuruka, mlo wa pili kama saa mbili kabla ya kutua. Katikati kuna vitafunwa, ama vinapitishwa ama viko jikoni nyuma na anayetaka anakwenda kuchukua. Wasafiri wapya hawalijui hili, wanakaa na njaa saa nane wakingoja toroli. Akilala mlo ukapita, aombe akiamka. Wahudumu wengi humtunzia mtu kitu kikiwa bado kipo.

Kumwita mhudumu: kitufe chenye picha ya mtu. Chenye picha ya taa ni cha kusomea. Kwenye ndege mpya kitufe hicho kiko ndani ya skrini au kwenye rimoti pembeni ya kiti, si juu ya kichwa. Muonyeshe picha yake kwenye simu kabla hajaondoka.

Chooni pia mfundishe, maana huko ndiko wageni wanakoaibika bure. Milango mingi ni ya kukunja: asukume katikati, asivute. Akisukuma kitasa cha ndani mpaka mwisho, ndipo taa inawaka sawasawa na nje inaonekana nyekundu. Maji ya kusukuma yana kelele kubwa ya kufyonza, asishtuke. Na asiingie na soksi peke yake. Sakafu ile ikilowa, si maji ya bomba.

Muuguzi_Zamu

Nitagusa mwili, vifaa nawaachia wengine.

Kuvimba miguu yote miwili baada ya kukaa saa 16 ni jambo la kawaida, hushuka ndani ya siku moja au mbili. Kinachotutisha ni damu kuganda kwenye mshipa wa ndani wa mguu. Hatari hiyo huanza kupanda safari inapozidi saa nne, na huongezeka kwa umri mkubwa, unene, saratani, upasuaji wa karibuni au kama aliwahi kuganda damu zamani. Dalili ni mguu mmoja kuvimba, kuuma au kuwa wa moto kwenye shavu la mguu, ama kifua kubana na pumzi kukata. Zinaweza kutokea hata wiki kadhaa baada ya kufika. Dada yako Houston azijue.

Soksi za kubana: kwa mama wa umri huo mwenye kuvimba, hiki ndicho kitu cha kwanza kununua, kabla ya mto. Chagua zinazoishia chini ya goti, zenye mgandamizo wa 15–30 mmHg kwenye kifundo. Namba hiyo huandikwa kwenye boksi. Usinunue kwa saizi ya kiatu peke yake. Pima mzunguko wa kifundo mahali chembamba na mzunguko wa shavu la mguu mahali panene, asubuhi kabla hajavimba, kisha linganisha na jedwali la boksi. Avae akiwa nyumbani. Akingoja mpaka miguu ivimbe hazitapanda. Sehemu ya juu isikunjwe kwenda chini, maana mkunjo unageuka kamba inayokaba damu, kinyume kabisa cha tulichokusudia. Soksi za kwenye kimfuko hazina kazi hii, ni za joto tu. Kama ana kisukari kilichoondoa hisia miguuni, vidonda, au mishipa inayopeleka damu miguuni imeziba, asivae mpaka daktari aseme.

Soksi hazichukui nafasi ya kutembea. Kila saa moja au mbili akiwa macho asimame, aende mpaka jikoni na kurudi. Akiwa amekaa ainue visigino halafu vidole, mara 20 hivi, ndivyo misuli ya shavu la mguu inavyosukuma damu kupanda. Chini ya kiti cha mbele pasijazwe begi, miguu ipate pa kunyooka. Dawa ya usingizi hapana: anayelala kama gogo kwa saa nane hatikisi mguu. Na asianzishiwe aspirini kwa ajili ya safari tu bila daktari wake.

Dawa za presha ziwe mkononi, kwenye pakiti zake za asili, na za akiba kwa wiki moja au mbili zaidi ya siku atakazokaa. Beba barua ya daktari kwa Kiingereza yenye majina halisi ya dawa, si jina la kibiashara la hapa. Houston iko nyuma yetu saa nane majira ya kiangazi chao na saa tisa majira ya baridi, kwa hiyo "kila asubuhi" itahama. Muulizeni daktari azimeze kwa saa gani siku ya safari na lini ahamie asubuhi ya huko. Kama mojawapo ni ya kukojoza, msiikatishe ili asisumbue jirani. Mpeni kiti cha njiani.

Hewa ya ndani ni kavu sana, unyevu ni kama asilimia 10 hadi 20. Midomo, pua na macho ndivyo vinavyolalamika. Kichupa kidogo cha mafuta ya mgando kinatosha kwa midomo na kwa kupaka kidogo mlangoni mwa pua. Anywe maji kidogo kidogo kila wahudumu wanapopita, asingoje kiu.

Masikio yatamsumbua wakati wa kushuka kuliko kupanda. Kushuka huanza kama nusu saa kabla ya kutua. Awe macho, ameze mate, atafune jojo au anywe maji kwa mafunda madogo. Masikio yakiziba, abane pua na kumeza. Kupuliza kwa nguvu huku amebana pua kunaweza kuumiza. Akiwa na mafua makali wiki ya safari, amuone daktari kabla.

Mwisho ni gesi tumboni. Hewa ndani ya ndege huwekwa kama ya mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400. Mwanza kwenyewe ni zaidi ya mita 1,100, kwa hiyo si ugeni mkubwa kwake, ila hewa yoyote iliyofungiwa hupanuka, ya tumboni ikiwemo. Maharage, kabichi na soda usiku wa safari wamwepushe navyo.

WakalaTiketi

Jiko na Muuguzi wamemaliza mengi. Mimi nazungumzia yale ambayo lazima yafanyike kabla, kwa sababu uwanjani huwa yamechelewa.

Msaada wa kiti cha magurudumu. Watu wanaona haya kuuomba wakidhani ni wa wagonjwa. Kwa mama asiyejua lugha na mwenye miguu ya kuvimba, huu unazidi mto wowote. Haulipiwi. Muombe wakala aingize kwenye tiketi alama WCHR, yaani anapanda ngazi mwenyewe ila umbali mrefu humchosha. WCHS ni kwa asiyeweza ngazi, WCHC ni kwa anayehitaji kusaidiwa mpaka kitini. Usiandike kubwa kuliko hali yake, wasije wakataka cheti cha daktari. Omba angalau saa 48 kabla, na hakikisha imeingia kwenye ndege zote tatu. Kosa ninaloliona sana ni kuingizwa kwenye ya kwanza tu. Akiwa nayo, mtu humpokea mlangoni mwa ndege Doha, humpitisha ukaguzi na kumfikisha geti la Houston. Fahamu pia kwamba wenye viti hivi hushuka mwisho, lakini saa zenu tatu za kuunganisha zinatosha. Ingekuwa saa moja ningekuambia ubadilishe. Houston anayemsukuma huzoea kupewa dola chache za asante, si lazima.

Kiti. Ndege za njia ndefu hupangwa 3-4-3 kwa Boeing 777, yaani viti vitatu dirishani, vinne katikati na vitatu dirisha la pili, na 3-3-3 kwa 787 na Airbus A350. Kiti cha 777 kilichopangwa kumi kwa mstari kina upana wa inchi 17 hivi, cha A350 kinazidi kidogo. Nafasi kati ya kiti na kiti huwa inchi 31 au 32. Kwa mama chagua kiti cha njiani kwenye kundi la katikati, si la dirishani. Akikaa njiani kwenye kundi la dirishani atasumbuliwa na watu wawili kila wanapotaka kutoka. Akikaa njiani kwenye kundi la katikati, aliye mbali naye hutokea upande wa pili, hivyo husumbuliwa na mmoja tu. Kiwe safu ya tatu hadi ya sita kutoka chooni. Kilichogusana na choo kina foleni ya watu usiku kucha, harufu, na wakati mwingine hakilali nyuma kwa sababu ya ukuta.

Safu ya mlango wa dharura asiwekwe na hataruhusiwa: anayekaa pale lazima aweze kufungua mlango na kuelewa maelekezo ya wahudumu. Safu ya mbele yenye ukuta ina nafasi ya goti, lakini kimeza kinatoka kwenye mkono wa kiti kwa hiyo mikono haiinuki, kiti ni chembamba kidogo, na wakati wa kuruka na kutua mkoba wote unapanda juu. Tena ndiko watoto wachanga walipo.

Tiketi za bei ya chini mara nyingi hutoza kuchagua kiti mapema. Huduma ya kujiandikisha kwa safari (check-in) ikifunguliwa, saa 24 au 48 kabla kutegemea shirika, viti vilivyobaki huwa bure. Ukiwa macho dakika ya kwanza unapata cha maana. Ndege ikibadilishwa, angalia tena kiti, maana mfumo humhamisha abiria kimya kimya.

Chakula maalumu huombwa kabla, kwa mashirika mengi angalau saa 24. Kwa mwenye presha kuna cha chumvi kidogo, LSML. Cha kisukari ni DBML. Mwislamu hana haja ya kuomba MOML, yaani chakula cha Kiislamu, kwenye ndege ya Qatar, chakula chote ni halali. Vya maalumu huletwa kabla ya wengine, asishangae kula peke yake. Ladha ya LSML, niwe mkweli, ni ya hospitali. Ombi la chakula, kama la kiti cha magurudumu, linaweza kupotea tarehe ikibadilishwa. Uombe upya.

Na soma kwenye tiketi jina la shirika linaloendesha kila safari. Namba ya ndege inaweza kuwa ya shirika moja na ndege ikawa ya mshirika wake. Blanketi, chakula na masharti ya begi la mkononi vinatoka kwa anayeendesha.

MzeeWaKariakoo

Hayo ya soksi sawa. Kwa vitu vya kununua, orodha yangu ni fupi. Khanga jozi moja na sweta. Khanga inajifunika, inatandikwa juu ya ule mto wao, inafunika kichwa taa zikiwashwa, inaswaliwa, na ikikunjwa haimalizi nafasi. Viatu vya wazi vinavyolegezwa kwa mkanda, kwa sababu kiatu kilichombana Dar hakitaingia mguuni Houston.

Mto wa shingo, nunua wenye kamba ya kufunga mbele. Kichwa cha aliyelala ameketi huangukia mbele, kwa hiyo sehemu nene ikae chini ya kidevu, si kisogoni. Wengi huvaa kinyume kisha wanasema haufai. Ule wa kupuliza hukunjika ukaingia mfukoni, ila usiujaze sana.

Hedifoni zako mwenyewe: baadhi ya viti vina matundu mawili, pini moja ya simu inatoa sauti sikio moja. Kuna kiunganishi cha pini mbili, cha bei ndogo. Za Bluetooth hazikubali kwenye skrini nyingi isipokuwa ndege mpya.

Na pawabanki kubwa ya 30,000 ibebwe tu, viti vingine USB haina nguvu ya kujaza simu.

JikoLaNyuma

Mzee, hapo kwenye pawabanki nikupinge kabla mtu hajanyang'anywa. Kipimo cha ndege ni Wh, yaani wati-saa, si mAh, ambayo ndiyo ile 30,000 yako. Zidisha mAh kwa volti 3.7, gawanya kwa 1,000. Ya 20,000 ni 74 Wh, inapita. Ya 30,000 ni 111 Wh, imezidi 100, na kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika. Zaidi ya 160 haipandi. Isiyoandikwa namba yoyote inaweza kuchukuliwa palepale. Zote ni za mkononi, kamwe si kwenye begi la chini. Sheria zimekaza pia: Emirates tangu 1 Oktoba 2025 inaruhusu moja tu ya chini ya 100 Wh, na huruhusiwi kuitumia wala kuichaji ndani ya ndege. Nyinyi mnaokwenda Guangzhou mkumbuke kuwa ndege za ndani ya China tangu 28 Juni 2025 hazipokei pawabanki isiyo na 3C, alama ya usalama ya China. Kwa mama, simu iliyojaa na waya wa USB vinatosha.

Nyongeza ambayo wengi hawaijui: simu ikiteleza ikaingia ndani ya kiti, asisogeze kiti wala asikilaze. Amwite mhudumu. Chuma cha kiti kikiibana, betri inaweza kupasuka na kuwaka.

Kuhusu mto wa kupuliza yuko sahihi kabisa. Hewa iliyofungwa huko juu hupanuka kwa karibu theluthi, kwa hiyo ujazwe robo tatu. Vichupa vya losheni navyo vikamuliwe hewa kabla ya kufungwa, la sivyo vitamwagikia mkobani. Kila kichupa kisizidi mililita 100 na vyote vikae kwenye mfuko mmoja wa lita moja unaoonyesha ndani.

Shangazi_Tanga

Naomba kudandia. Mimi naulizia mtoto wa miezi saba, njia kama hiyo hiyo. Kitanda cha mtoto kinapatikana kweli au ni cha matangazo?

WakalaTiketi

Kipo dada, lakini ni vichache kwa kila ndege na hufungwa kwenye ukuta wa safu ya mbele tu. Ombeni siku mnayonunua tiketi. Kikomo cha uzito hutofautiana, mara nyingi kati ya kilo 10 na 14, na mtoto asiwe anaweza kusimama ndani yake. Taa ya mkanda ikiwaka lazima atolewe hata kama ndiyo kwanza amelala, afungwe kwa mkanda wake mdogo unaoshikizwa kwenye wako. Wakati wa kushuka mnyonyeshe, kumeza ndiko kunakomfungua masikio. Nepi beba zako. Za ndegeni ni za kuokolea jahazi, na saizi huenda isiwe yake. Maziwa na maji ya mtoto huruhusiwa kuzidi mililita 100, ila yatoe yakaguliwe pembeni.

Kapripoint_MZA

Nawashukuru sana. Nimempigia wakala, kumbe kiti cha magurudumu kimeingizwa Dar–Doha pekee. Anarekebisha. Mawili yamebaki. Kile kitambaa cha kuning'iniza miguu kwenye kimeza cha mbele, ninunue? Na suala la lugha: nimefikiria kumwandikia karatasi.

JikoLaNyuma

Usinunue. Kinaning'inia kwenye mikono ya kimeza, kinavuta kiti cha mbele, na jirani akitaka kupita ni kizuizi. Mashirika mengi huwaambia wahudumu wakiondoe, sawa na ile mito ya kupuliza ya kujazia nafasi ya miguu. Badala yake akunje blanketi la pili aliweke chini ya nyayo, magoti yainuke kidogo. Ukingo wa kiti unapoacha kukata nyama ya paja, damu hupita. Kuruka na kutua aliondoe miguuni.

Karatasi ni wazo zuri, lakini isiwe barua. Kadi ngumu ya saizi ya kitambulisho, upande mmoja Kiswahili, wa pili Kiingereza, sentensi zenye namba ili aonyeshe kwa kidole: naomba maji, naomba blanketi la pili, naomba chakula nilikuwa nimelala, nahitaji choo, sijisikii vizuri, nina presha na dawa zangu ziko hapa, nimeomba kiti cha magurudumu, naunganisha ndege ya Houston. Chini andika namba ya simu ya dada na anwani ya Houston, wataiulizia na uhamiaji. Aivae shingoni pamoja na bodingi pasi. Akipanda tu amwonyeshe mhudumu wa upande wake, hata kama hahitaji kitu kwa wakati huo. Wafanyakazi wa mashirika ya Ghuba hutoka mataifa mengi, na ukibahatika yumo Mkenya au Mtanzania. Akishajulikana mapema, atatafutwa huyo aje.

Muuguzi_Zamu

Kwenye kadi ongeza majina ya dawa, kipimo na mzio kama anao. Angani wahudumu wakiita daktari miongoni mwa abiria, hilo ndilo swali lake la kwanza.

WakalaTiketi

Na tunda au sandwichi asiyoimaliza aiache ndegeni. Akishuka nayo Houston bila kuitaja kwa maofisa wa mipakani anaweza kutozwa faini, hata kama ametoka kupewa na shirika lenyewe. Dagaa, unga wa muhogo na viungo mtakavyomfungashia viwe begi kubwa na vitajwe vyote. Unga wa aina yoyote unaozidi mililita 350 mkononi kwenda Marekani huvuta ukaguzi wa ziada, na saa tatu za Doha si za kupotezea hapo. Maji ya chupa yaliyonunuliwa Doha yanaweza kuchukuliwa kwenye ukaguzi wa getini, kwa hiyo abebe chupa tupu na kuomba ijazwe akishakaa.

Jingine: kama Mwanza–Dar iko kwenye tiketi tofauti, mzigo hautavushwa. Atauchukua Dar na kuukabidhi upya, kwa hiyo atahitaji mtu wa kumpokea pale. Angalia kama namba za tiketi ni moja.

Kapripoint_MZA

Ni mbili tofauti. Naongea na binamu yangu wa Ukonga amsubiri pale uwanjani.